Wenye leseni tunasumbuliwa, wenye bunduki za kificho wanalala

SUALI

Shangazi, assalaam alaykum. Shikamoo.

Mimi ni mkulima, mwenyeji wa kaskazini Pemba, umri wangu miaka 46, nina mke na watoto watano. Jina langu naomba ulifiche, na kijiji pia, maana huku kwetu ukitaja mnazi mmoja watu wanajua ni wa nani.

Tangu 2011 namiliki bunduki ya marisau kwa leseni. Sikuipata kwa mlango wa nyuma. Nilianzia kwa sheha, nikaenda polisi wilaya, nikaenda mkoa, nikachukuliwa alama za vidole, nikasubiri hadi nikasahau kama niliomba kitu. Shamba langu la muhogo na migomba liko pembezoni mwa msitu, na tumbili wa huku hawana adabu: unapanda wewe, wanavuna wao. Bunduki hiyo sijaielekeza kwa mwanadamu na inshallah sitaielekeza.

Tangu ule uhakiki wa silaha wa 2016 sijapumua. Kukisikika mshindo mahali, naitwa. Uchaguzi ukikaribia, naitwa. Njoo na bunduki, njoo na leseni, njoo na risasi zilizobaki tuzihesabu. Mara ya mwisho nilikaa kituoni asubuhi hadi alasiri, namba ikasomwa, ikaandikwa, kisha ofisa mmoja kijana ambaye ningeweza kumzaa akaniuliza mbele za watu, "Mzee, unaogopa nini hata uweke bunduki?" Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Na huku mtaa wa pili kuna bwana ambaye kila mtu anajua ana bastola. Hana leseni, hajawahi kukanyaga kituoni, na hakuna aliyemwita. Sasa sheria hii ni ya nani? Mwenye kuifuata ndiye wa kukamuliwa?

Na jengine. Sisi Wapemba hatuhitaji kusomeshwa hatari ya bunduki. Januari 2001, polisi walipowapiga risasi waandamanaji, nilikuwapo, kijana na akili zangu. Bunduki zilizotuua zilikuwa na namba na zilikuwa na daftari, tena daftari la serikali. Leo naambiwa hii yangu ya tumbili ndiyo ya kuchungwa.

Nina mtoto wa ami yangu yuko Marekani, hilo nikimsimulia hucheka. Anasema huko bunduki ni haki ya mtu, imeandikwa katika katiba yao, na serikali haina ruhusa hata ya kumuuliza mtu anayo au hana. Anasema sisi tumezoea kuburuzwa.

Mke wangu yuko upande wa polisi. Juzi nimezitafuta risasi nisizione, kumbe amezifukia ndani ya pipa la mchele, ati mtoto wetu wa mwisho ameshajua kupanda kabati. Tumegombana siku nzima.

Nisije nikasahau, kwa vile mwenyewe mke wangu amesema nikuandikie na hili. Ipo bunduki nyengine, ya marehemu baba, kongwe, enzi zake alikuwa na leseni nayo. Alipofariki, mwaka wa tatu sasa, ilibaki darini. Kaka yangu mkubwa akasema hii ni kumbukumbu ya mzee, isiuzwe na isisemwe. Mwaka huu mtoto wa dada yetu alipata kazi ya kulinda nyumba inayojengwa kusini Unguja, akaiomba, kaka akampa. Akaifunga ndani ya mkeka, akapanda nayo boti katika bandari ya Mkoani. Mimi siku hiyo sikuwapo. Tangu Ramadhani simu zetu anapokea akitaka, na ukimuuliza mzigo, hujibu "upo, msijali". Lakini hilo ni la kaka, mimi simo.

Suali langu, Shangazi, ni hili: mwenye leseni ana haki gani, na afanye nini asisumbuliwe?

Mkulima wa Kaskazini, Pemba


JAWABU

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba.

Bunduki yako ya tumbili umeieleza kwa kirefu na kwa uchungu. Bunduki ya marehemu umeitia mwishoni, tena kwa kusukumwa na mkeo, halafu ukajitoa: "mimi simo". Umo. Nitaanza na hiyo, kero ya kituoni itangoja. Kwa kukaa kituoni asubuhi hadi alasiri mtu hufungwa moyo tu. Kwa ile iliyopanda boti ndani ya mkeka mtu hufungwa kweli.

Leseni ya bunduki ni kama leseni ya kuendesha gari: baba akifa, gari linaingia kwenye mirathi, leseni inazikwa naye. Ila gari unaweza kuliacha uani likaota majani mpaka ndugu mtakapopatana, na bunduki huwezi kuiacha namna hiyo. Tangu siku ile mzee alipofumba macho, hakukuwa na mtu katika nyumba yenu mwenye ruhusa ya kukaa na bunduki ile. Wewe pia hukuwa nayo, hata kama unayo leseni, kwa sababu leseni yako ni ya bunduki yako, kwa namba yake. Ilitakiwa ipelekwe polisi ihifadhiwe, kisha mrithi anayeitaka aombe leseni kwa jina lake, au iuzwe kwa njia inayokubalika na fedha zigawiwe warithi kwa mafungu yao. Kadhi atakugawieni thamani. Kukupa ruhusa ya kukaa na chuma chenyewe si kazi yake.

Sasa mtazame tena yule bwana wa mtaa wa pili na bastola yake. Umeniuliza kwa nini haitwi. Haitwi kwa sababu hayumo katika daftari. Na mimi nakuuliza: ile bastola ilitoka wapi? Bastola haioti porini. Ilitengenezwa kiwandani, ikapigwa namba, ikauzwa kwa mtu au kwa serikali yenye karatasi zake. Ikawa halali. Halafu mahali fulani mwenye nayo akafa na watu wakanyamaza, au akaiazima, au ikaibiwa akaona haya kusema, au askari akaiuza. Yapo magobori yanayofuliwa vichochoroni, nayajua, lakini bastola na marisau nyingi zilizo mikononi mwa wasiostahiki zilianza maisha yao kwa heshima kama yako.

Ya marehemu baba yako imepita njia hiyo hiyo, na nyinyi mkiwa mnaitazama. Miaka yote ya uhai wake ilikuwa ya halali. Leo iko Unguja kwa kijana asiyepokea simu, na mkulima mmoja huko kusini huenda anamwandikia Shangazi mwengine kwamba mtaani kwake kuna mlinzi mwenye bunduki ya kificho na polisi hawamwiti. Ule ubao wake na ule mtutu haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba ndugu wawili waliamua isisemwe.

Kwa hiyo ule ukuta uliojijengea, huku wenye leseni wema, kule wenye silaha haramu, haupo hata ndani ya nyumba yenu.

Kama unadhani natia chumvi, rudi kwenye historia yetu wenyewe. Usiku wa Mapinduzi, kuamkia tarehe 12 Januari 1964, waliovamia bohari ya silaha ya polisi pale Ziwani walikwenda wengi wao na mapanga, marungu na mishale. Walipotoka walikuwa na bunduki za serikali, na kulipokucha nchi ilikuwa ya wengine. Nani alikuwa na haki usiku ule, hayo yana wazee wake wa kuyazungumza, na mabaraza yake. Mimi natazama chuma tu: saa chache kabla, kila bunduki iliyotumika ilikuwa halali, imefungiwa, ina askari mlangoni. Na karibu zaidi, Julai 2015, kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa, polisi wakauawa na silaha zikachukuliwa. Ikiwa kituo cha polisi kinaweza kuporwa, darini kwenu kuna nini cha kuzuia? Utando wa buibui?

Ndiyo maana namba ya bunduki yako inasomwa tena na tena. Unaona wanakupotezea wakati, kwani namba ni ile ile. Lakini wanachotafuta ni kujua kama bado iko kwako. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyoifuta ile ya 1991, imejengwa juu ya jambo hilo: kila silaha iwe na namba, kila namba iwe na mtu, na mtu huyo aweze kuionesha. Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo Tanzania imo pamoja na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, nayo inadai alama na kumbukumbu kwa kila silaha. Siku uliyokaa kituoni ukanung'unika, kama wangekuwa wameuliza pia "na ya marehemu mzee iko wapi?", leo isingekuwa Unguja. Lawama yangu kwa polisi wenu ni hiyo: walimsumbua aliye hai wakasahau kumuuliza aliyekufa. Mtu mwenye leseni akifa, sheha anajua, maana yupo mazikoni. Basi mtu wa kwenda kuchukua bunduki hakosekani, anakosekana wa kukumbuka.

Nini ufanye. Hapa nisikilize vizuri, usirukeruke.

Usimwambie kijana aje nayo Pemba. Najua hilo ndilo lililokujia kwanza, na kaka yako atalisema: irudi darini, yaishe. Safari moja ndani ya mkeka alipita kwa bahati. Akikamatwa bandarini Malindi, Unguja, na bunduki isiyo leseni, hakuna atakayesikiliza habari za kumbukumbu ya mzee. Wala asiitupe baharini, wala asiifukie, wala asimpe "rafiki anayeaminika". Iliyotupwa huopolewa, iliyofukiwa hufukuliwa, na siku ikitumika vibaya itasomwa namba, na namba itakwenda moja kwa moja kwa jina la baba yenu, na kutoka hapo kwenye mlango wenu.

Kabla ya kumgusa mtu, wewe na kaka yako nendeni kwa mwanasheria. Msiseme hamna fedha. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kinasaidia watu wa kawaida, na kina ofisi Pemba. Mwelezeni yote, na tarehe ya kifo, na cheti cha kifo, na ile leseni ya marehemu kama mmeihifadhi. Yeye au mwenzake wa Unguja ndiye atakayezungumza na polisi na kupanga bunduki ichukuliwe pale ilipo, na kijana awe na mtu wa kusimama naye. Mkishasalimisha, msiondoke bila ya karatasi inayosema imepokelewa, namba gani, na nani, lini.

Siwezi kukuahidi kuwa hamtaulizwa maswali. Mtaulizwa. Mwaka 2022, na tena 2023, Wizara ya Mambo ya Ndani ilitangaza Septemba na Oktoba kuwa miezi ya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushitakiwa. Umoja wa Afrika ndio uliouteua Septemba kuwa mwezi wa msamaha huo, katika ile azma yao ya kunyamazisha bunduki barani. Darini kwenu ilikuwapo, redio mnayo, na mlisikia. Mlingoja nini? Kaka yako aliona kumbukumbu ya baba itapotea. Sasa msingoje Septemba nyengine. Anayekwenda kwa miguu yake na mwanasheria wake, hata nje ya miezi ya msamaha, si sawa na anayetolewa uvunguni saa nane za usiku.

Na kama kijana hapokei simu kabisa, au anasema "upo" lakini hataki kuonesha, mwambieni mwanasheria hivyo hivyo, na msikawie. Huenda ameshaiuza. Huenda bosi wake ameichukua. Mtu mwenye mzigo salama hajibu kwa mkato namna hiyo. Mkichelewa kusema kwa kumhurumia, hamtakuwa mmemuokoa yeye, na nyinyi mtaonekana mlishirikiana naye. Inauma kumtaja mtoto wa dada, hasa dada mwenyewe akiwa hayupo, na umesema "dada yetu" kwa namna iliyonifanya nidhani ameshatangulia. Kama ndivyo, basi nyinyi ndio wazee wake, na mkubwa wa watu hampi mtoto bunduki ili apate mshahara wa ulinzi. Kampuni au tajiri anayetaka mlinzi mwenye silaha ndiye wa kuleta silaha yenye leseni na mtu aliyefunzwa. Aliyemwajiri mwanenu kwa sharti aje na bunduki yake, naye ana la kujibu.

Haya, sasa kwako wewe na leseni yako.

Unazo haki, na usiruhusu mtu akuambie huna. Ukiitwa, una haki ya kuambiwa umeitiwa nini. Silaha ikichukuliwa, hata kwa siku moja, una haki ya hati yenye namba na saini. Ukinyimwa leseni au ikisitishwa, omba sababu kwa maandishi, na uliza rufaa inapelekwa wapi. Na una haki ya kuitwa kwa heshima. Yule ofisa aliyekuuliza unaogopa nini alikosa adabu, na jawabu lake lilikuwa jepesi: "Naogopa njaa, mwanangu, tumbili wanamaliza muhogo." Mara nyengine mjibu hivyo, kwa sauti ya kawaida, na umwombe mkuu wake mpangiane siku ya uhakiki inayojulikana badala ya kuitwa kila upepo ukivuma. Nenda na barua, iandikwe, igongwe mhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala. Hii kazi ya karatasi inachosha, lakini ofisi husahau maneno ya mdomo kabla hujafika barazani kwako.

Kuhusu mtoto wa ami yako, nampongeza kwa kucheka, maana aliye mbali hucheka kwa raha. Ni kweli, Marekani wanayo hiyo haki katika marekebisho ya pili ya katiba yao, ya mwaka 1791, na mwaka 2008 Mahakama yao ya Juu ilisema ni haki ya mtu mmoja mmoja kuweka bunduki nyumbani kwa kujilinda. Lakini amekusomea nusu. Hukumu hiyo hiyo ilisema haki hiyo ina mipaka, na kwamba marufuku ya silaha kwa waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa na kwa wagonjwa wa akili, na katika sehemu kama skuli na majengo ya serikali, hayaondoki. Na mwaka 2022 walitunga sheria ya nchi nzima ya kumshitaki mtu anayenunua bunduki kwa jina lake ili ampe asiyeruhusiwa. Yaani hata huko kumpitishia mtu bunduki kuna mipaka.

Tena kuna kesi ya Michigan, mwambie aitafute. Novemba 2021 kijana wa miaka 15 aliua wanafunzi wenzake wanne skulini kwa bastola ambayo baba yake aliinunua siku chache kabla, kihalali, dukani. Mwaka 2024 mahakama ikamtia hatiani mama, kisha ikamtia hatiani baba, kila mmoja kwa kuua bila kukusudia, na wote wakapewa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Hawakupiga risasi hata moja, na haki ya katiba walikuwa nayo kamili. Kosa lilikuwa silaha kumfikia mtoto, na dalili walizoziona wakazipuuza.

Kwetu Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalinda maisha ya mtu na inalinda mali yake. Bunduki haikuitaja. Kwetu bunduki ni ruhusa unayopewa kwa sababu uliyoieleza, na sababu yako ni tumbili. Binafsi sioni dhila katika hilo. Lakini mtu akiona ni dhila aende Baraza la Wawakilishi akaseme, haki ya kusema ipo. Kinachonikera ni mtu anayetaka uhuru wa Marekani kwenye bunduki yake na huku hataki hata lile sefu la chuma ambalo Mmarekani mwenye akili anaweka.

Januari 2001 sitaipita haraka. Waliokufa siku zile katika miji yetu walipigwa na risasi za vikosi, si za majambazi, na mtu wa Pemba akisikia "silaha iko katika mikono salama" ana sababu ya kukunja uso. Simlaumu. Uchungu huo ni wa kudai askari naye awe na namba, na kila risasi aliyopiga iwe na jina la aliyeamuru. Daftari lile lilikuwapo, lakini baadaye hakuna aliyefunguliwa daftari hilo akajibu mbele ya watu kama ilivyostahiki. Lidai hilo. Ila hebu niambie kweli, siku ile bunduki yako ya marisau ingekusaidia nini? Ingekupa mwenzako mmoja zaidi wa kuzika, na kuwapa wao kisingizio walichokuwa wanakitafuta. Kwa hiyo 2001 inakupa hoja juu yao. Haikupi ruhusa ya kuficha ya baba darini.

Mkeo. Ameshinda kesi hii, msameheane leo. Aliona mtoto anapanda kabati, na wewe uliona bunduki yako tu. Ila mchele si mahali pa risasi, unyevu utaziharibu na siku moja mgeni atachota kipimo. Tengeneza kasha la chuma, fundi wa magrili hapo mjini atakuundia, lipigwe ukutani kwa bolti, na risasi ziwe na kisanduku chao mahali mbali na bunduki, funguo zake tofauti. Funguo moja akae nayo yeye. Usicheke, nasema kweli. Ukitaka kwenda kuwinga tumbili ataujua wakati na sababu, na ukiwa na hasira na mtu kutakuwa na mtu mmoja zaidi wa kukuuliza unakwenda wapi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha, isije ikamchoma mtu. Hakumnyang'anya mishale yake. Alimpa yeye mwenye nayo kazi ya kushika pale penye makali.

Na kabla ya kusema kwamba bila bunduki hakuna shamba: wasasi, yaani wawindaji, wa vijijini wapo, na mbwa wao na nyavu zao. Patana nao katika msimu. Ukipunguza kutoka na bunduki utapunguza na kuitwa.

Limebaki la yule bwana wa bastola. Umesema kila mtu anajua. Katika hao wote, wewe umemwambia nani? Unaogopa, nakuelewa, kijiji ni kidogo na wewe ndiye jirani. Polisi wa shehia yupo, na sheha yupo. Kama huwaamini hao, mwanasheria huyo huyo anaweza kuipeleka habari bila ya jina lako kuandikwa juu. Lakini usiende kumsema kabla ya kumaliza la kwenu. Atakayekuja kupekua mtaa wa pili atauliza na mtaa wa kwanza, na kaka yako mpaka sasa hana cha kuonesha. Mwanasheria kwanza, tena wiki hii, na kaka mkubwa akikataa kwenda, nenda peke yako.